Meza ya Viungo: Mvuvi muulize habari za mbalamwezi

Mwezi huu meza nimewaachia wanafunzi wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo vya mwili, walioko kwenye mafunzo kwa vitendo huku kwetu Kigoma, pamoja na mzee mmoja wa Ujiji ambaye ana hasira nao. Barua nimezifupisha, maneno ni yao.

Shikamoo mama. Niko mwaka wa pili. Chuoni tumepewa fomu ya kuchukua historia ya mgonjwa, kurasa nne. Juzi alikuja mvuvi wa dagaa, umri kama miaka 40, anaumwa kiuno. Nilimuuliza yote yaliyoandikwa. Asubuhi kinauma? Ndiyo. Usiku? Ndiyo. Ukiinama? Ndiyo. Mwisho akasema, "Dada, we nipe mazoezi tu." Fomu ikajaa na mimi sikujua lolote. Nifanyeje?
*Mwanafunzi, Mwanga*

Marahaba mwanangu. Fomu iache, ina kazi yake na mwalimu wako ataitaka. Lakini angalia ulivyouliza: kila swali lilijibika kwa "ndiyo", na mvuvi yule ana adabu zake, hawezi kumkatalia mtoto wa watu aliyevaa koti jeupe. Amekukubalia yote.

Siku nyingine kalamu iweke chini kwanza. Mwambie, "Hebu nisimulie, ilianzaje mpaka kufika leo?" Halafu nyamaza. Nyamaza kweli, na saa usiitazame. Atazunguka. Ataanza na shemeji aliyemuuzia injini mbovu, atapitia msibani Kalinzi, na wewe utatamani kumkatiza. Mwache dakika mbili tatu. Ndani ya mzunguko huo imo siku aliyoibeba injini begani kutoka majini akateleza, na hiyo ndiyo uliyokuwa unaitafuta kwenye ukurasa wa pili.

Akimaliza, mwambie aonyeshe kwa kidole panapouma. Akionyesha kwa kiganja kizima, au akipitisha mkono kutoka kiunoni hadi nyuma ya paja, chora hivyo hivyo kwenye picha ya mwili iliyo katika fomu yako. Na mwache achague mwenyewe neno la maumivu yake: yanachoma, yanavuta, yanadunda, yanapita kama shoti ya umeme, pamekufa ganzi. Ukimpa wewe orodha, atachukua la kwanza ili muondoke hapo.

Sasa suala la saa. Fomu zetu zina sehemu ya maumivu ndani ya saa 24: asubuhi yakoje, mchana, jioni, usiku. Aliyeitunga alimfikiria mtu anayelala usiku. Mvuvi wa dagaa anaingia ziwani jioni, usiku kucha yuko na taa na wavu, alfajiri anashusha Kibirizi au Katonga, analala jua likiwa juu. Ukimuuliza "asubuhi kinauma?" unamuuliza mtu anayetoka kazini, atakosaje kusema ndiyo? Fuata siku yake yeye: ukiupanda mtumbwi kikoje, ukivuta wavu wa kwanza, ukivuta wa mwisho, ukishusha mzigo, ukiamka mchana. Akiamka akiwa amekakamaa, uliza inamchukua muda gani kulegea. Dakika tano kumi ni jambo la kawaida la viungo vilivyochoka. Ikizidi nusu saa kila siku, hasa kwa kijana, fikiria ugonjwa wa uvimbe wa maungio na umshirikishe daktari.

Kuna swali jingine ambalo halimo kwenye fomu, nami naliona bora kuliko nusu ya yaliyomo. Dagaa hufuata taa. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima lina mwanga, taa hazivuti kitu, na wavuvi hupumzika. Kwa hiyo kila mwezi mgonjwa wako anapimwa kwa mapumziko bila kuandikiwa na daktari. Muulize, "Mbalamwezi iliyopita kiuno kilikuwaje?" Akisema kilitulia baada ya siku chache, kikarudi usiku wa kwanza wa giza alipovuta wavu, hayo ni maumivu yanayofuata mzigo na mkao, na sisi ndio wenye kazi nayo. Akisema mbalamwezi au giza ni yale yale, akilala yapo, yanamwamsha, hakuna mkao unaompa nafuu, basi habari ya mazoezi isimame kwanza.

Ziwa Tanganyika lilipofungwa na uvuvi ukasimamishwa mwaka 2024, tangu katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, tulipata mapumziko marefu zaidi ya kupimia. Mpaka leo natumia kipindi kile kama kalenda: "Ilianza kabla ziwa halijafungwa, au baada?" Tarehe ya maumivu watu hawaikumbuki, tarehe ya kukosa pesa wanaikumbuka. Ila uliza pia alifanya nini miezi ile. Kama alikwenda kufyatua tofali, kiuno chake hakikupumzika hata siku moja.

Nimesema mazoezi yasimame. Yasimame ukisikia nini? Amepungua uzito bila kujua sababu. Ana homa za jioni, anatoka jasho usiku hadi shuka linalowa, anakohoa wiki kadhaa, au nyumbani kuna mtu anayetumia dawa za kifua kikuu. Kifua kikuu hakikai kwenye mapafu peke yake, kinakula pingili za mgongo pia. Mwingereza Percivall Pott aliuandika ugonjwa huo mwaka 1779, na sisi bado tunakutana nao. Mwingine ni aliyewahi kuwa na saratani, au aliyetumia vidonge vya steroidi (dawa kali za kupunguza uvimbe) kwa muda mrefu, au aliyeanguka kutoka juu ya mchikichi, hata kama alijiinua na kutembea hadi nyumbani. Hawa warudi kwa daktari kwanza, wakapigwe picha.

Lililo la haraka kuliko yote ni hili: ganzi kwenye sehemu ile inayokalia tandiko la baiskeli, pamoja na haja ndogo kukataa kutoka au kutoka bila kujijua, au haja kubwa kutoshikika. Hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Mishipa ya fahamu ya chini imebanwa, na upasuaji ukichelewa mtu anaweza asipone kabisa. Najua mwanaume wa miaka 40 hatakuambia hayo wewe binti kwa hiari yake. Mimi huwa nasema, "Swali hili namuuliza kila mwenye kiuno, hata mchungaji na shehe wamelijibu," halafu nauliza bila kupindisha. Atacheka, kisha atajibu.

Swali la mwisho kabla hujamgusa: kikichokozwa, kinachukua muda gani kutulia? Anayevuta nyavu usiku mzima ndipo kiume, kisha kikatulia ndani ya dakika kumi, unaweza kumpima kwa upana. Anayeinama mara moja kuchukua ndoo kikawaka hadi jioni, mpime machache, na lile linalouma zaidi liwe la mwisho. Ukimpima huyu wa pili kama yule wa kwanza, kesho hatarudi.

Ukishasikiliza hivi, unaanza kumpima mwili ukiwa na dhana mbili au tatu kichwani, na kila kipimo kina kazi ya kuondoa mojawapo. Hicho ndicho kilichokosekana juzi, si maswali.

Kupima kwenyewe kunaanza anapoingia mlangoni. Anakaaje, anaegemea upande gani, anavuaje viatu. Kisha shati litoke, asimame, umtazame kwa nyuma na kwa ubavu. Ainame, arudi nyuma, aegemee kulia na kushoto, kwa hiari yake kabla hujaweka mkono. Uandike anafika wapi na kinauma wapi. Maumivu yakivuka tako kuelekea mguuni, au akitaja ganzi, hapo kupima mishipa ya fahamu ni lazima. Kila mzizi wa mshipa unaotoka mgongoni, wa kiuno (L) au wa chini yake (S), una eneo lake la ngozi: ugoko wa ndani ni L4, juu ya wayo hadi kidole gumba L5, ukingo wa nje wa wayo S1. Gonga nyundo ya rifleksi (mruko wa kiungo usio wa hiari) gotini na nyuma ya kisigino, anza na upande usioumwa. Akilala chali na mguu ulionyooka ukiinuliwa, maumivu yanayoteremka chini ya goti kati ya nyuzi 30 na 70 yanaelekeza kwenye mzizi wa mshipa. Kukaza nyuma ya paja pekee ni misuli mifupi. Ukiinua mguu mzima na ule mbovu ukauma, diski, ule mto ulio kati ya pingili, ina kesi ya kujibu.

Kupapasa kuwe mwisho. Wanafunzi wengi mnaanza nako kwa sababu mikono inawasha. Kiuno chochote kilichovuta nyavu miaka ishirini ukikibonyeza kitauma.

Mama, mimi ni mzee wa Ujiji, goti linanisumbua. Nilipokwenda hospitali nilipewa kijana mwanafunzi. Akaniuliza ujanani nilifanya kazi gani, choo cha nyumbani kikoje, naswali vipi, ngazi ngapi, naishi na nani. Goti hajaligusa! Wa zamani walikuwa wakikamata goti moja kwa moja. Vijana hawa wanafundishwa kazi au umbea?
*Mzee wa goti*

Shikamoo mzee wangu, na pole. Kijana yule nitafurahi kumjua.

Choo cha kiti kinataka goti likunje nyuzi 90 na kidogo tu. Choo cha kuchuchumaa kinataka zaidi ya 120. Kusujudu na kukaa baina ya sijda kunadai karibu goti lote lilivyojaliwa, na goti zima hukunja kama 135. Sasa kama lako linaishia 100, kijana anatakiwa ajue unakwama wapi katika siku yako: msikitini, chooni, au kwenye mlima wa kutoka ufukweni. Tiba ya kila mmoja ni tofauti, na kwa mwingine kiti cha mbao chenye tundu ndani ya choo kinamsaidia kuliko mazoezi ya mwezi mzima. Rudi kwake, umwache amalize. Asipoligusa goti na safari ya pili, hapo niandikie tena.

Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi wa kiume. Nililetewa mama wa makamo, amevaa baibui, bega la kushoto haliinuki. Mume wake amekaa pembeni ananitazama. Sikuweza kumwambia avue. Nikampa mazoezi ya kuning'iniza mkono akaondoka. Mwalimu amenifokea.
*Mwenye aibu, Gungu*

Marahaba. Mwalimu amefoka kwa haki, ila aibu si dhambi, ni jambo la kulipangia utaratibu.

Kwanza, kama yupo mtaalamu au nesi wa kike, mwombe aingie. Hiyo ni heshima kwa mgonjwa na ni kinga yako. Pazia livutwe. Khanga mbili ziwe mezani muda wote, za idara, zilizofuliwa. Mweleze yeye mwenyewe, si mume wake, unataka kutazama nini na kwa sababu gani, kisha ngoja jibu. Bega moja tu lifunuliwe, mengine yote yabaki yamesitiriwa. Na ridhaa haitolewi mara moja mlangoni ikaisha. Kila unapohamia sehemu nyingine, uliza tena.

Lakini hata kabla ya pazia ungeweza kufanya mengi. Mwambie aonyeshe anavyotupa mtandio begani, anavyosuka nywele za mtoto, anavyofunga sidiria kwa nyuma (hili amwonyeshe nesi). Hayo yote ni mwendo wa hiari. Kisha viwiko vigande ubavuni, vikunje nyuzi 90, na mikono izungushwe kwenda nje. Baibui haizuii kitu hapo. Halafu uzungushe wewe, yeye akiwa amelegea. Kama na wewe unagota pale pale alipogotea, na kuzungusha nje ndiko kulikofungika kuliko yote, bega limeganda. Daktari James Cyriax aliueleza mpangilio huo zamani: kuzungusha nje hukosekana zaidi, kisha kuinua kwa ubavu, kisha kuzungusha ndani. Kama wewe unafika mwisho vizuri na yeye mwenyewe hafiki, basi kiungo ni kizima. Shida iko kwenye msuli, kano au mshipa wa fahamu. Umeona tofauti? Mazoezi yale ya kuning'iniza ulimpa bila kujua ni yupi kati ya hawa wawili.

Ukiona limeganda, muulize sukari. Mwenye kisukari huganda mabega kuliko wengine, na wapo ambao bega ndilo lililowapeleka kupima.

Mama, kupima nguvu za msuli 0 hadi 5 kunanichanganya. Kila mgonjwa naandika 4.
*Wa Kibirizi*

Unaandika 4 kwa sababu 4 haimkosei mtu. Kipimo hicho cha Waingereza, cha Baraza la Utafiti wa Tiba, kilipata umaarufu wakati wa Vita ya Pili ya Dunia kwa majeruhi wa mishipa ya fahamu, na nguzo yake ni 3: kiungo kinapanda kushinda uzito wake chenyewe, mwendo wote, bila mkono wako. Anzia hapo kila mara. Kikipanda, ongeza upinzani, ndipo uamue 4 au 5 kwa kulinganisha na upande wa pili. Kisipopanda, kilaze ubavu ili uzito usihesabike. Kikitembea hivyo ni 2. Msuli ukishtuka tu chini ya vidole vyako ni 1. Kimya ni 0.

Tena usijidanganye na mikono yako. Shavu la mguu la mbeba mizigo wa bandarini likipungua nguvu nusu bado litakusukuma wewe ukutani, nawe utaandika 5. Mwambie asimame kwa mguu mmoja, ashike ukuta kwa vidole, ainuke kwa ncha ya mguu, arudie mara ishirini na kitu. Mguu mzima utafika, mbovu utaishia saba au nane. Akishindwa kutembea kwa visigino, L4 na L5 zimekuambia kitu ambacho kiganja chako kisingekisikia.

Bibi mgonjwa anajua Kiha tu, na mimi nimetoka Tanga. Mjukuu wake wa miaka kumi ndiye anayetafsiri.
*Mgeni, Kasulu*

Mjukuu mpe biskuti akacheze. Bibi hatamwambia mtoto kuhusu mkojo wala kuhusu mume aliyemsukuma, na mtoto mwenyewe atakufupishia simulizi ya robo saa kuwa "anasema panauma". Tafuta mtu mzima wa jinsia yake, wa pale kituoni ikiwezekana. Anayejua Kirundi pia atafaa, lugha hizi zinasikilizana. Keti umtazame bibi, usimtazame mkalimani, na uliza swali moja kwa wakati. Anza kwa salamu ya Kiha, "Mwakeye", na makofi mawili ya taratibu, utaona uso unavyofunguka. Kisha mwache aonyeshe kwa mwili: alivyoanguka, anavyobeba kuni, anavyolala. Haya hayahitaji mkalimani.

Shikamoo mama. Wodini kuna bibi wa miaka 68, kiharusi siku ya tatu, upande wa kulia umelegea na hasemi. Nimeambiwa nikachukue historia. Nichukue kwa nani?
*Mwaka wa tatu*

Marahaba. Anza kwake yeye. Upande wa kulia ukilegea, ubongo wa kushoto ndio umeumia, na kwa watu wengi usemi uko huko. Lakini asiyesema anaweza kuwa anakusikia vizuri. Muulize yenye jibu linalojulikana: "Hapa ni sokoni?" Ngoja kichwa au macho. Akipatia matatu manne, una mgonjwa wa kuzungumza naye, na wanaozungumza juu yake kana kwamba hayupo waombe waache.

Kisha tafuta anayelala naye nyumba moja. Siyo yule mwanawe wa Dar anayelipia. Huyo anajua bili. Unataka kujua alikuwa akitumia mkono gani, alikuwa akikamua mawese au akikaa kibarazani, alikuwa akianguka kabla ya hapo, dawa za presha alikuwa anameza au aliziacha akiona nafuu, kitanda chake kina urefu gani, maji yako wapi, na nani hasa atamwinua asubuhi. Huyo wa mwisho mara nyingi ni binti wa miaka 16 ambaye hakuna aliyemuuliza. Mwite aje wodini ajifunze pamoja nawe.

Kabla ya kumkalisha, soma presha na mapigo kwenye chati, na umuulize nesi mpaka ambao daktari ameuweka. Mkalishe ukingoni ukiwa upande uliolegea, miguu igote chini, utazame kama anajishikilia au anaangukia kwako. Kipimo hicho cha kukaa kitakupa mengi kuliko kuhesabu nguvu za kila msuli akiwa amelala. Mkono uliolegea usivutwe na yeyote, wewe wala ndugu, maana bega lile halina msuli wa kulishikilia. Na ukikuta wanamnywesha uji akiwa amelala chali huku anakohoa, wazuie kwa upole, umweke juu, umwite nesi aangalie kumeza kwake kabla hujaendelea na kipimo chochote.